Kidonge cha Usiku, Magoti ya Asubuhi

Somo: Marko 3:1–6



Juma hili nataka tuzungumze habari za magoti. Nieleweke mapema: sisemi magoti ya maombi kwa maana ya mfano. Nasema magoti yenyewe, pamoja na nyonga, mapaja, mabega na mgongo, yale yanayomfanya mtu aliyelala vizuri aamke akitembea kwa kushika ukuta.

Tazameni ibada ya kwanza tunapopiga magoti kwa toba. Vijana husimama kabla amina haijaisha mdomoni. Wazee wetu wana utaratibu wao. Mkono wa kulia unashika ubao wa benchi la mbele, wa kushoto unategemea paja, goti moja linatangulia, kisha panakuwa na kupumzika kidogo, mtu nusu amesimama nusu bado yuko chini, ndipo la pili linafuata. Yuko mama ambaye hasimami mpaka mwenzake wa benchi amshike kiwiko. Wengi wa wazee hao ni wastaafu wa mgodi wa almasi, au wajane wa wastaafu, na wengi sasa wana daftari la kliniki ya presha na sukari. Ndani ya madaftari hayo umeandikwa mstari mmoja ambao huku kwetu Mwadui, mkoani Shinyanga, na pale Maganzo umeanza kusemwa vibaya vibarazani: dawa ya kushusha lehemu.

"Mchungaji," mzee mmoja aliniambia tulipokwisha kusalimiana, mwangaluka na majibu yake yote, "hiki kidonge cha mafuta kinanikaza viungo. Usiku nameza, asubuhi nyonga na mapaja si yangu. Nimekiacha."

"Daktari anajua, mzee wangu?"

"Hajui. Nikienda nasema naendelea vizuri. Sasa mtoto wa watu ahangaike kuniandikia dawa, mimi nimwambie nimeitupa?"

Maumivu yake yalinisikitisha, lakini lile jibu la mwisho ndilo lililonipeleka kwenye Marko sura ya tatu.

Mnaijua habari yenyewe. Ni siku ya Sabato, ndani ya sinagogi, na yupo mtu ambaye mkono wake umepooza. Luka, ambaye Paulo anamwita tabibu, anaongeza kwamba ulikuwa mkono wa kulia, yaani mkono wa jembe na wa riziki. Sisi wahubiri tunapenda kukimbilia pale Yesu anapomwambia aunyooshe mkono, naye anaunyoosha, unakuwa mzima. Lakini hiyo ni amri ya pili. Ya kwanza ilikuwa asimame katikati ya watu. Kabla ya mkono kunyooshwa, mwenye mkono alitolewa pembeni alikokuwa, akawekwa mbele ya macho ya wote, wakiwemo waliokuwa wakimwinda Yesu wapate neno la kumshitaki. Maandiko hayasemi kwamba mtu yule alikuwa akiuficha mkono wake ndani ya vazi, lakini mimi nimekaa na wagonjwa vya kutosha, sioni ugumu kuamini hivyo.

Mzee wangu yule amekwama kwenye amri ya kwanza. Anatafuta namna ya kunyooka huku tatizo lake akilificha kwa mtu pekee mwenye uwezo wa kulishughulikia.

Basi tuanze na kidonge chenyewe, kwa sababu tunakilaumu bila kukijua. Lehemu, au kolestro kama wengi tunavyoiita, si uchafu. Mwili hauishi bila hiyo: inajenga utando wa kila seli, na humo mwili hupata malighafi ya kutengenezea nyongo na baadhi ya homoni. Sehemu kubwa ya lehemu tuliyo nayo hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini, na nyingine tunaiingiza kwa mlo wa nyama, mayai na samli. Ile inayosafirishwa kwenye damu ikizidi, hujipachika kwenye kuta za mishipa, njia ikaanza kufinyika. Siku tabaka hilo lililojipachika likipasuka, damu huganda palepale. Ikitokea kwenye moyo ni shambulio la moyo. Ikitokea kwenye ubongo ni kiharusi, mtu anaamka upande mmoja umelegea na mdomo umekwenda kando, halafu jirani ananong'ona kwamba amerogwa. Nasi watu wa Shinyanga tunajua neno hilo limewafikisha wapi bibi zetu wenye macho mekundu. Laiti tungekuwa na haraka ya kupima damu kama tuliyo nayo ya kumtafuta mchawi.

Ugumu wa dawa hii ni kwamba inazuia jambo usilolihisi, na pengine inakuletea jambo unalolihisi. Mishipa inayoziba haiumi. Paja linalokaza linauma. Mwanadamu akiwekewa hayo mawili mezani atachagua kupumzisha paja, wala simshangai.

Dawa zenyewe ni za jamii moja, statini. Ukisoma boksi utaona jina linaishia hivyo: simvastatini, atovastatini, rosuvastatini. Aliyefungua njia yake alikuwa Mjapani, Akira Endo, aliyezaliwa kwenye familia ya wakulima na kupenda uyoga na ukungu tangu utotoni. Alijiuliza kama ukungu, unaopigana na vijidudu wenzake kwa sumu zake, haungeweza kutoa kitu cha kuzuia mwili usitengeneze lehemu kupita kiasi. Yeye na wenzake walipima aina zaidi ya 6,000 za ukungu na viumbe wa jamii hiyo. Mwaka 1973 walikipata walichokitafuta kwenye ukungu wa rangi ya samawati na kijani uliotoka kwenye mchele wa duka la nafaka mjini Kyoto. Watu wa Mwadui hatuhitaji kuelezwa sana kazi ya namna hiyo. Siku hizi tani 100 za mwamba wa hapa hutoa almasi zisizofika gramu mbili, na tangu Dakta Williamson aligundue eneo hili mwaka 1940 watu wameendelea kuchekecha. Endo alichekecha ukungu. Alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 90.  

Je, dawa inasaidia kweli? Mwaka 1994 matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika nchi za Skandinavia yalitangazwa. Wagonjwa wa moyo 4,444 waligawanywa mafungu mawili, wengine wakapewa simvastatini, wengine kidonge kisicho na dawa ndani, wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka mitano. Katika fungu lisilo na dawa walikufa 256. Katika fungu la dawa walikufa 182. Weka tofauti hiyo kwenye mabenchi ya kanisa letu uhesabu: ni watu 74, baba na mama za watu.

Sasa tuje kwenye maumivu, maana hapa ndipo nitakapowaudhi wengine. Dawa hizi huweza kuumiza misuli. Ni kweli, madaktari wanakubali, na karatasi iliyomo ndani ya boksi inasema hivyo. Lakini si kila paja lililokaza limekazwa na kidonge. Mwaka 2020 watafiti wa London walitoa matokeo ya jaribio walilolipa jina la SAMSON. Nililipenda jina hilo, maana Samsoni wa Waamuzi naye aliamka usingizini akidhani misuli yake iko kama jana. Walichukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya maumivu na madhara mengine. Kila mmoja akapewa chupa za mwaka mzima: miezi minne ya dawa halisi, miezi minne ya kidonge kisicho na dawa, na miezi minne ya chupa tupu, zikichanganywa bila mpangilio. Mtu alijua chupa ikiwa tupu. Kidonge kikiwemo, hakujua ni kipi. Kila siku aliandika anavyojisikia, kwa alama za kuanzia 0 mpaka 100. Miezi isiyo na kidonge wastani ulikuwa 8. Miezi ya statini ukapanda ukawa 16.3. Na miezi ya kile kidonge kitupu ukawa 15.4.

Rudia kusoma namba hizo polepole. Watu waliumia walipomeza, hilo halina ubishi. Ila sehemu kubwa ya kuumia kule ilitokana na kumeza chochote huku wakitarajia kuumia. Hawakudanganya. Maumivu yanayoletwa na hofu yanauma vilevile, na mchungaji anayemwambia mgonjwa kwamba "ni mawazo tu" anastahili kunyang'anywa kitabu cha ibada. Kilichonigusa ni mwisho wake: walipoonyeshwa hesabu zao wenyewe, nusu yao, watu 30, walirudia dawa. Miaka miwili baadaye, watafiti wa Oxford walijumlisha majaribio mengi ya watu zaidi ya laki moja wakakuta jambo linalofanana na hilo: mwaka wa kwanza, katika kila watu 1,000 wanaotumia statini, ni kama 11 tu ambao maumivu yao ya misuli yanaweza kuhesabiwa kuwa ya dawa. Baada ya mwaka wa kwanza tofauti karibu inapotea.

Hao 11 wapo, na pengine mmoja wao ndiye anayesoma hapa. Kwa hiyo sisemi umeze uvumilie. Nasema usihukumu peke yako. Mtu aliyepiga nyundo mgodini miaka thelathini, au aliyebeba viroba vya mawe kutoka kwenye duara hadi kwenye karasha kule Geita, au aliyepalilia pamba ya Kishapu ameinama tangu usichana wake, ana sababu nyingi za kuamka amekaza. Maumivu ya statini, yanapokuwa ya kweli, kwa kawaida hukaa kwenye misuli mikubwa, pande zote mbili kwa pamoja: mapaja, makalio, vigimbi, mabega. Huanza zaidi wiki au miezi ya mwanzo, au dozi inapoongezwa. Misuli ikikaza, kiungo kilichoko jirani nacho hukosa uhuru, ndipo mtu anasema goti, kumbe mwenye kosa ni paja. Lakini goti moja lililovimba, lenye joto, au kidole gumba cha mguu kinachowaka moto usiku baada ya nyama choma, hayo ni mambo mengine kabisa, nayo yana dawa zake. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri nayo hukaza misuli. Yote haya hupimwa. Hayapimwi kibarazani.

Liko jambo moja lisilongoja tarehe ya kliniki. Ukiwa unatumia dawa hii, na misuli ikauma sana ghafla, ukakosa nguvu ya kuinuka, na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili na zamu ya kusoma somo ni yako. Hutokea kwa nadra sana, lakini misuli inapovunjika hivyo figo huweza kuharibika. Na ukienda, taja kila unachomeza. Baadhi ya dawa za kuua bakteria, za fangasi na za kufubaza VVU zikikutana na baadhi ya statini huifanya irundikane mwilini. Taja na mizizi ya mzee wa jirani. Daktari hatakucheka, na akikucheka mwambie mchungaji amekutuma.

Tukiisha kusimama katikati, sasa tunyooshe.

Kunyoosha viungo hakuitoi dawa mwilini, wala hakuponyi lile tatizo la nadra nililolitaja. Kazi yake ni ya chini zaidi, nayo ni nzuri: misuli iliyolala usiku kucha imefupika na kukaza hurudishiwa urefu wake, kiungo kikapata nafasi, na mtu akaanza siku bila kuukamata ukuta. Makosa ya wengi ni kunyoosha mwili ungali baridi. Ukiamka, kwanza tembea. Zunguka ua, fungulia kuku, chota maji, fagia. Kama yapo maji ya moto ya kuoga, oga. Mwili ukipata joto ndipo uanze.

Simama mbele ya ukuta, viganja vyote viwili ukutani. Mguu mmoja mbele, goti limekunjwa kidogo. Mwingine nyuma, umenyooka, kisigino kimegusa chini. Egemea ukuta polepole mpaka kigimbi cha nyuma kianze kuvutwa. Kuvutwa, si kuchanika. Ukifika hapo tulia, usidundedunde, usizuie pumzi. Kisha sali Sala ya Bwana, yote, kwa mwendo wa wazee, si kwa mwendo wa wanafunzi wanaowahi uji. Ukifika amina, karibu nusu dakika imepita, na hiyo ndiyo kadiri ambayo wataalamu wa mazoezi ya viungo hushauri. Badilisha mguu, sali tena. Mara mbili au tatu kila upande zinatosha. Huhitaji saa, na kama mawazo yatatangatanga katikati ya sala, Bwana anajua pia kwamba kigimbi kinavuta.

Kwa nyuma ya paja, kaa kwenye ukingo wa kiti cha mbao. Sofa halifai, linakumeza. Nyoosha mguu mmoja mbele, kisigino sakafuni, vidole vikitazama dari, kisha inama kuanzia kiunoni, kifua mbele, mgongo usipinde. Wengi huinamisha kichwa wakidhani wameinama, kumbe paja halijaguswa. Mbele ya paja panahitaji kusimama: mkono mmoja umeshika benchi au mlango, mwingine umekamata kifundo cha mguu na kuvuta kisigino kuelekea kalio. Goti likikataa kukunjika kiasi hicho, liache linapoishia. Mabega ni rahisi, vuta kiwiko kwa mkono wa pili kuvuka kifua. Vidole vya mikono vikunjwe na kukunjuliwa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, akina mama wanaofua wanalijua hili bila kufundishwa. Rudia jioni kabla ya kulala.

Na tembea. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabika. Mwenye paja lililokaza huogopa kutembea, na kadiri anavyokaa ndivyo linavyozidi kukaza. Ila usianze kwa bonanza la maveterani, hata kama enzi zako ulivaa jezi ya Mwadui. Misuli iliyokaa mwaka mzima ikikimbizwa dakika 90 itauma hata kwa mtu asiyejua statini ni kitu gani, kisha lawama zitarudi kwa kidonge.

Nilisikia mama mmoja akisema mazoezi ya kujinyoosha ni mambo ya wazungu wa mjini. Sikubaliani naye. Waliocheza bugobogobo na jembe mkononi, wakiinama na kuinuka kwa kufuata ngoma, wakilima shamba la mtu mpaka jioni, hawakuwa wazungu. Kwaya zetu nazo, angalieni AIC Shinyanga wanavyosimama kuimba, hakuna anayebaki mti. Tulichopoteza ni mazoea. Tumestaafu, tumekaa kwenye kiti, tunangoja mwili ubaki kama ulivyokuwa.

Kuna jambo linanikera, nami nitalisema kwa sababu linatuhusu sisi wa madhabahuni. Mwaka 2011 nchi hii ilielekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, tuliyemwita Babu. Kikombe kimoja cha dawa, shilingi 500, na foleni ya magari ya kilometa nyingi. Kutoka kanda yetu walikwenda wengi. Wapo waliorudi wakaacha dawa za sukari, za presha na za kufubaza VVU kwa sababu walishakunywa. Babu alifariki mwaka 2021, nami simhukumu. Nawahukumu wachungaji, wale wa zamani na wa leo, wanaosimamisha mtu mbele aseme ametupa vidonge vyake kwa imani, kanisa likapiga vigelegele, halafu kanisa hilohilo likatoa rambirambi. Hezekia alilia kwa Bwana na Bwana akamsikia, akamwongezea miaka kumi na mitano, na bado Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (Isaya 38:21). Maombi yalikuwepo na tini zilikuwepo. Wamisionari waliohubiri Injili Usukuma walianzisha Hospitali ya Kolandoto mwaka 1913, nao hawakuona kwamba kazi moja inaitukana nyingine.

Kwa hiyo nawaagiza wazee wa kanisa: ushuhuda wa kuacha dawa usipokelewe bila cheti cha daktari. Atakayenuna aje kwangu.

Nawe uliyeacha kidonge kimya kimya, hili ni lako. Daktari ana mambo mengi ya kufanya ambayo wewe huwezi kuyafanya kibarazani. Anaweza kukupima damu kuona kama misuli imeumia kweli. Anaweza kusimamisha dawa kwa wiki chache kwa makusudi, akiandika tarehe, ili aone kama maumivu yanaondoka nayo. Anaweza kupunguza dozi, au kukubadilishia statini ya aina nyingine, maana mtu aliyeumizwa na moja mara nyingi huivumilia nyingine. Zipo hata dawa za kushusha lehemu zisizo za jamii hii kabisa. Yote hayo yamefungwa nyuma ya sentensi moja ambayo mzee wangu alishindwa kuitamka. Naye, kwa taarifa yenu na kwa ruhusa yake, ameshaitamka. Yule "mtoto wa watu" hakukasirika. Alimuuliza yanauma wapi, tangu lini, na kama ni pande zote mbili, kisha akampunguzia dozi na kumpa tarehe ya kurudi. Maumivu hayajaisha yote, lakini yamepungua.

Jumatatu kliniki iko wazi. Chukua daftari lako, chukua na boksi la dawa lenye vidonge vilivyobaki, vihesabiwe mbele ya daktari kama vilivyo, hata kama ni vingi kuliko inavyopaswa. Mwambie umeacha, tangu lini na kwa nini. Kama unaona haya kwenda peke yako, nipigie simu Jumapili jioni, tutakwenda wote.